Nilimwambia Betri Imekwisha

Nimekuwa mwinjilisti kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi ile haimfundishi mtu kutunga habari za wafu wanaotembea. Inamfundisha kuzikemea. Nimezikemea mara nyingi, madhabahuni na vibarazani kwa watu. Kwa hiyo usidhani nakuletea maneno ya kijiweni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, jua likiwa bado halijazama, kwenye njia ninayoipita kila Jumapili kwenda ibadani. Kama ningeweza kukuambia kwamba niliota, ningekuambia hivyo nikalala vizuri. Sikuota.

Naishi juu kidogo ya Nkoaranga, mahali ambapo njia ni nyembamba na zinapanda katikati ya migomba na kahawa. Nimestaafu, namshukuru Mungu, na mke wangu bado yupo. Binti yetu Neema anaishi mjini, Njiro, na ndiye aliyeniletea kamera ndogo, ile ya kutia mfukoni. Alidhani nitapiga picha za wajukuu. Kumbe mimi nikawa mpiga picha wa usharika mzima. Ubatizo, nipo. Harusi, nipo. Msiba, nipo. Siku ya mavuno, watu wanapoleta sadaka za shambani zikanadiwa nje ya kanisa, nilipiga hata kuku na mikungu ya ndizi. Watu walinitania, lakini walikuja kuziomba picha zao, na wengi hawakuwa na nyingine.

Shida ilikuwa betri. Ilizeeka kama mwenyewe. Niliichaji usiku kucha, na asubuhi ibada ikifika kwenye ungamo la dhambi tayari inapepesa alama nyekundu. Na kipaimara kilikuwa kinakaribia. Watoto wote wale wamevaa nguo nyeupe, wazazi wamekopa viatu, halafu kamera inazima mbele ya mchungaji? Nikaona nishuke mjini nitafute betri ya akiba, na kipochi cha kuibebea kamera, maana mfukoni ilikuwa inakwaruzwa na funguo.

Nilizunguka maduka kadhaa. Wengine waliitazama kamera yangu kama watu wanaotazama kinu. Mwishowe nikaelekezwa Kaloleni, kwenye kiduka cha mama mmoja anayeuza chaji, kava na vifaa vya namna hiyo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Natafuta betri ya hii."

Aliigeuzageuza, akacheka. "Kumbe babu ndiye unayezificha! Mabinti wa Njiro wanazitafuta hizi kama dawa. Wanasema simu zinawatoa wazuri mpaka wanajisahau."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema niuzie."

"Nikikuuzia, watoto wa kipaimara nitawapiga na nini?"

"Wapige kwa imani, babu. Si ndiyo kazi yenu?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Akapekua boksi moja, akapekua jingine, akaitoa betri ikiwa ndani ya plastiki yake. Akaipachika kwenye kamera tuijaribu. Ikaonyesha imejaa. Niliona kwa macho yangu, vibao vyote vya kijani vimesimama. Kumbuka hilo. Kisha akanichagulia kipochi cheusi chenye mfuko mdogo pembeni wa kuwekea betri ya pili, na kitanzi cha kupitisha mkanda wa suruali. Nilikivaa kiunoni palepale.

"Sasa umekuwa askari, babu."

"Askari wa Yesu," nikamjibu.

"Basi usimpige mtu bila ruhusa."

Kabla ya kuondoka niliitoa ile betri mpya, nikairudisha ya zamani ndani ya kamera, ingawa ilikuwa imekufa. Mpya nikaiweka kwenye ule mfuko wa pembeni na kuufunga. Nilitaka niifungue rasmi siku ya kipaimara. Wazee tuna mambo yetu. Kitu kipya hatukitumii siku ya kukinunua.

Nilipofika njia panda ya barabara kuu mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Dereva wa bodaboda alinipandisha hadi udongo ulipoanza kuteleza, akaniomba radhi, akageuza. Nikapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, lakini si ule wa kuficha njia. Niliona vizuri kabisa. Kipochi kilikuwa kinanigonga paja kila hatua, na nakiri nilikuwa nakifurahia kama mtoto.

Njia yangu inapita kando ya kihamba cha Mzee Anaeli, mzee mwenzangu wa kanisa. Kihamba ni shamba la urithi, lile ambalo baba na babu wamezikwa ndani yake. Huku kwetu mpaka wa kihamba hauwekewi ukuta. Unapandwa sale, mmea wenye majani marefu ya kijani, usiokufa upesi. Mtu aking'oa sale za mpaka, amefanya jambo zito kuliko kuiba ng'ombe. Na sale hiyohiyo ina kazi nyingine. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake limefungwa fundo, amelishika kwa mikono miwili, amekuja kuomba radhi, na ukilitazama huna ruhusa ya kukataa. Ndivyo wazee walivyoishi, Wameru na Wachaga pia. Mimi kama mwinjilisti sikuwa nikilipenda jambo hilo. Nilifundisha kwamba msamaha unaombwa kwa toba na sala. Majani, nilisema, ni chakula cha mbuzi.

Sasa, Anaeli alikuwa na mdogo wake, Naftali. Nilimfundisha Naftali kipaimara, kwa hiyo namjua tangu sauti yake haijavunjika. Baba yao alipofariki, Naftali aling'oa sale za mpaka usiku, akaupeleka mpaka ndani ya sehemu ya kaka yake, kisha akauza kipande kile kwa mtu wa mbali na kukimbilia machimboni Mererani. Anaeli alihangaika sana kukirudisha. Alipofanikiwa, alipanda sale upya mpaka wote, ila aliacha pengo mahali pale zilipong'olewa, ili kila apitaye aone. Na alisema mbele yetu wazee kwamba hatautazama tena uso wa Naftali, hata akija na jani la sale, maana anajua akitazama itabidi asamehe. Tulimsihi. Mimi nilimsihi kidogo tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa upande wake.

Nilipofika kwenye pengo lile, Naftali alikuwa amesimama hapo.

Alikuwa amekonda, mvi zimemtoka pembeni, lakini alikuwa yeye. Amevaa koti la kahawia lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mkononi alishika jani la sale lenye fundo, amelishika kwa mikono miwili, mbele ya kifua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Naftali? Umerudi lini wewe?"

"Nimefika leo."

"Umefikia wapi?"

Alisema, "Mwalimu, nimeambiwa una kamera."

Nani alimwambia? Sikujiuliza wakati ule. Wewe ungejiuliza? Unakutana na mtu unayemfahamu, kwenye njia unayoifahamu, anakusalimia kwa adabu. Nilichofikiri ni kwamba amerudi kuomba fedha, au amelewa. Nilinusa hewa kutafuta pombe. Hakukuwa na harufu ya pombe wala ya mtu.

"Ninayo," nikasema.

"Nipige picha moja. Hivi hivi nilivyo, na sale. Umpelekee kaka."

"Kwa nini usiende mwenyewe? Nyumba ile pale, moshi unaonekana."

"Siwezi kuvuka hapa." Akatazama miguu yake. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa mpaka hasa, vidole vya viatu vikiwa sawasawa na mashina ya sale za kushoto na kulia. "Hapa niling'oa mimi. Nimejaribu tangu mchana, mwalimu. Sivuki."

"Acha mambo hayo. Njoo nyumbani kwangu basi, mama atakupa chai."

"Wala huko siwezi. Nipige tu. Kaka alisema hataki kuuona uso wangu. Picha hakuikataza. Akiniona nimeshika sale atakubali niingie. Nataka kuingia nyumbani tu, mwalimu. Sitaki shamba."

Na kabla sijajibu alianza kujiweka sawa. Ulishawahi kuona mtu asiyezoea picha anavyojiandaa? Alipitisha kiganja kichwani kulaza nywele. Aliinua ukosi wa koti, akaushusha. Alisimama wima, akalishika jani lile vizuri, fundo likitazama kwangu, akatulia, akanitazama kifuani mahali ambapo kamera ingekuwa.

Hapa ndipo penye kisa chote. Sijui nikueleze vipi bila kujitetea, kwa hiyo nitasema yote yaliyokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa nimelowa na nimechoka. Sikutaka kamera yangu ya kazi za usharika ianze betri yake mpya kwa picha ya jani la sale, mimi niliyehubiri kulipinga. Niliogopa Anaeli ataniuliza nimetumwa na nani kumletea uso ule. Na zaidi ya yote, sikumpenda Naftali. Nilimwona kijana aliyenitia aibu, mwanafunzi wangu wa kipaimara aliyemwibia ndugu yake. Nilitaka asubiri kidogo. Nilitaka alale nje ya mlango usiku mmoja aonje.

Nikamwambia, "Betri imekwisha."

Alinitazama kiunoni. "Hata ya picha moja?"

Nikaitoa kamera kwenye kipochi, nikaibonyeza mbele yake. Ilipepesa nyekundu ikazima. Unaona nilivyofanya? Iliyokuwa ndani ilikuwa imekufa kweli. Nilijiambia si uongo. Na mkono wangu mwingine ulikuwa umeegemea ule mfuko mdogo wa pembeni, naisikia betri mpya chini ya vidole.

"Umeona. Nitachaji leo, kesho asubuhi nakuja hapa tunapiga."

"Kesho," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto anayerudia neno alilofundishwa darasani. Kisha akaninyooshea jani lenyewe. "Basi mpelekee hili, mwalimu. Mwambie limetoka mkononi mwangu."

"Hilo siwezi kulibeba, Naftali. Unanijua mimi ni nani. Kesho tutakaa tusali, wewe na kaka yako."

Akalirudisha kifuani. "Sawa, mwalimu. Asante."

Alinishukuru. Nakuambia kweli, alinishukuru.

Niliendelea kupanda. Kwenye kona, kabla migomba haijaficha njia, niligeuka. Alikuwa amesimama vilevile, wima, jani mbele ya kifua, uso ukielekea mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Hakuwa ameshusha mikono. Alikuwa bado anasubiri kupigwa picha.

Nilifika nyumbani, nikamkuta mke wangu amevaa kanga ya msibani, anachemsha maji.

"Baba Neema, umechelewa. Kengele ya kanisa hukuisikia? Imelia mchana kutwa."

"Nilikuwa mjini. Nani?"

"Naftali."

"Naftali yupi?"

"Wa kwa Anaeli. Yupi tena? Aliletwa jana hospitalini hapo chini, ametolewa Mererani na wenzake, kifua kimekwisha. Amefariki leo asubuhi. Yupo mochwari." Alikuwa anaongea nami huku akipuliza moto, hakuniona nilivyo. "Wametuma watu kwa Anaeli aje aonyeshe pa kuchimba kaburi, pembeni ya baba yao. Amekataa. Amesema hana mdogo. Asipokubali yeye, nani atamzika kihambani? Atazikwa kama mtu wa kuja."

Nilikaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa chini. Mke wangu akageuka.

"Una nini?"

"Nimetoka kuongea naye."

"Na Anaeli?"

"Na Naftali."

Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu. "Alitaka nini?"

Nilipomwambia, aliufunika uso wake kwa kanga. Nikafungua kile kipochi kwa haraka. Nilitaka nirudi mbio palepale, huenda bado amesimama. Nikaitoa betri mpya, nikaipachika. Nikabonyeza. Kamera ikapepesa nyekundu, ikazima. Nikaitoa, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Nyekundu. Nikaiweka kwenye chaji, taa ya chaji ikaonyesha imejaa. Nikairudisha kwenye kamera. Nyekundu, ikazima.

Nilikwenda hata hivyo. Mke wangu alinifuata na mwavuli. Kwenye pengo hakukuwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimesimama na maji ya mvua juu yake, hakuna iliyokanyagwa.

Asubuhi nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nilikata jani la sale kwenye mpaka wangu, nikalifunga fundo jinsi nilivyoona wazee wakifunga, nikaenda nalo kwa Anaeli. Nililishika kwa mikono miwili, mimi mwinjilisti mstaafu, na majirani wakiniona.

Anaeli alikuwa barazani, hajanyoa, hajavua koti la usiku. Ni mtu mkubwa wa mwili, lakini siku ile alionekana kama mtu aliyevaa nguo za mwingine. Aliliona jani, akasimama.

"Mwinjilisti. Leo umekuwa mtu wa mila?"

"Nimetumwa na Naftali."

"Naftali amekufa."

"Najua. Nilimwona jana jioni kwenye pengo. Alikuwa ameshika sale. Aliniomba nimpige picha nikuletee, maana ulisema hutautazama uso wake. Alitaka umruhusu aingie nyumbani."

Nilifikiri atanifukuza. Badala yake alishuka ngazi, akasogea karibu sana, na nikaona kwamba alikuwa anataka niwe nasema kweli. Jambo hilo silisahau. Macho yake yalikuwa yananiomba.

"Picha iko wapi?"

"Sikupiga."

"Wewe? Wewe unayepiga hata kuku wa mnada? Mdogo wangu amekuja na sale mkononi, ukashindwa kumpiga?"

"Nilimwambia betri imekwisha."

"Ilikuwa imekwisha?"

Mke wake alikuwa ametokea mlangoni. Ningeweza kusema ndiyo. Nilifikiri kusema ndiyo, nisikufiche. Nilifikiri kwamba uongo wa pili ungemzika Naftali nyumbani.

"Haikuwa imekwisha," nikasema. "Mpya ilikuwa kiunoni."

Anaeli alilitazama lile jani mkononi mwangu. "Na hili? Amekupa yeye, au umekata wewe?"

"Alinipa la kwake, nikakataa kulibeba. Hili nimelikata mimi, nyumbani kwangu."

Alivuta pumzi ndefu. Kisha alilipokea jani kwa mikono miwili, kwa heshima yote, kama inavyotakiwa, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikadhani yamekwisha.

"Basi wewe ndiye unayeniomba radhi, Mwinjilisti," alisema. "Nami nimekusamehe. Yeye hajaniomba."

Akaingia ndani.

Naftali tulimzika makaburini kwa usharika, upande ambako tunawazika wasio na kwao. Mchungaji aliongoza, kwaya ya akina mama iliimba. Mchungaji aliniomba nipige picha ya shada, nikatikisa kichwa. Anaeli hakuja kaburini. Alisimama barabarani, mbali, amevua kofia, mpaka tulipomaliza kufukia, kisha akaondoka kwa njia ya juu.

Utaniuliza kuhusu betri. Niliirudisha Kaloleni. Yule mama aliipachika kwenye kamera yangu, mkononi mwake, ikawaka.

"Babu, mbona imejaa? Umekuja kunisalimia tu, sema ukweli."

Nikaichukua kutoka mkononi mwake. Ikapepesa nyekundu, ikazima. Akaichukua yeye, ikawaka. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Aliniambia taratibu, "Babu, nenda kamwone mchungaji."

Nilikwenda. Nilimweleza mchungaji yote kama ninavyokueleza wewe. Ni kijana, amesoma kunizidi, na hakuniambia kwamba nimeona pepo wala kwamba nimezeeka. Alisali nami, akanitangazia msamaha, na ninaamini nimesamehewa, kwa sababu nimefundisha hivyo na kwa sababu ni kweli. Lakini kusamehewa hakujaifanya picha iwepo. Kamera nimeikabidhi kwa mwenyekiti wa kwaya, na kipochi chake. Kwake inafanya kazi vizuri. Watoto wa kipaimara walipendeza sana katika picha, namshukuru Mungu.

Wala sijui niite nini nilichokiona. Siamini kwamba wafu wanatangatanga, na sijabadilisha imani yangu. Pengine Mungu alimpa mtoto yule saa chache za kurekebisha lililoharibika, na katika njia nzima kutoka hospitalini hadi nyumbani kwao akaniweka mimi peke yangu mwenye kamera. Nafikiri hivyo ninapokosa usingizi. Nikifikiri hivyo, usingizi unakimbia zaidi.

Anaeli na mimi bado tunakaa benchi moja la wazee. Hajanikasirikia hata siku moja. Ila mara nyingine, watu wakishatawanyika baada ya ibada, ananishika mkono pale nje na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwinjilisti, hebu niambie tena alivyosimama." Nami namwambia. Namweleza koti la kahawia, vifungo mpaka shingoni. Namweleza alivyolaza nywele kwa kiganja. Ananiuliza mikono ilikuwa wapi, namwonyesha. Ananiuliza fundo lilitazama wapi, namwonyesha. Anasikiliza yote, ameinamisha kichwa, kama anajaribu kuiona. Kisha ananiachia mkono.

"Ningeiona," anasema, "ningemwingiza."

Halafu anachukua njia ya juu, ile ndefu, isiyopita makaburini.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza, nakusihi. Mtu akikuomba kitu kidogo ambacho unacho, usimwambie huna. Usimwambie kesho, hata kama humpendi, hata kama ana makosa, hata kama njia anayokuombea huikubali. Mpe, kisha mgombane baadaye. Mimi nilikuwa nacho, na ndugu wawili wanakitafuta mpaka leo, mmoja juu ya ardhi na mwingine chini.